Nyota Tatu za Salim

Houston, Texas
14 Desemba 2025

Mpendwa Mwalimu Kheri,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mimi na mama Salim hatujambo, na watoto ni wazima wa afya. Nimepokea ujumbe wako ukiniuliza ni nyota gani hizo tatu alizopewa mwanetu Salim, nani kampa, na kwa nini binamu zake huko Tanga wanashangilia kana kwamba ameshapata chuo. Nimeona afadhali nikuandikie kwa utulivu, kwa sababu jambo lenyewe halielezeki kwa ujumbe wa simu, na kwa sababu wewe umechagua vijana wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, kwa miaka mingi, hivyo utanielewa upesi kuliko mtu mwingine yeyote wa nyumbani.

Mpira anaocheza Salim ni ule wa Kimarekani, wa kubeba mkononi, na hapa Texas mpira huo wa shule za sekondari ni jambo zito. Mji wa Allen, kaskazini ya Dallas, uliwajengea wanafunzi wake uwanja wa watu 18,000 kwa takriban dola milioni 60, ukafunguliwa mwaka 2012. Watu wazima hukata tiketi Ijumaa usiku kwenda kuwatazama wavulana wa miaka 16 na 17. Basi usishangae kusikia kwamba zipo kampuni ambazo kazi yake ni kuwafuatilia wavulana hao na kuwapa alama za nyota, kama hizo tatu za Salim, maana mashabiki wa timu za vyuo hulipa ada ili wajue mvulana gani atachezea chuo gani.

Kampuni ya 247Sports, kwa mfano, hutoa alama kwa mia: mwenye 80 hadi 89 ni wa nyota tatu, mwenye 90 hadi 97 ni wa nyota nne, na kuanzia 98 ni nyota tano. Hao wa nyota tano huwa takriban 32 tu kwa mwaka katika nchi nzima, kwa kuwa hiyo ndiyo idadi ya wachezaji wanaochukuliwa katika raundi ya kwanza ya uchaguzi wa wachezaji wapya wa NFL, ligi yao ya kulipwa. Kwa hiyo nyota ni ubashiri. Mtu anamtazama mtoto wa miaka 16 na kukisia mwili wake utakuwaje akifika miaka 21 au 22.

Niliona kwa macho yangu ubashiri huo unavyofanywa. Mwezi Juni nilimpeleka Salim kwenye kambi ya siku moja katika uwanja wa chuo, nikasimama nje ya uzio pamoja na wazazi wengine. Kabla hajafanya zoezi hata moja, jamaa mmoja alimsimamisha ukutani bila viatu akampima urefu, akamwambia anyooshe mkono, akapitisha utepe kutoka begani hadi ncha ya kidole cha kati, kisha akakipima kiganja kilichokunjuliwa, kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho, huku mwenzake akiandika. Salim hucheza mstari wa mbele, kazi yake ni kuwazuia wapinzani wasimfikie mrushaji wa mpira, na kwa nafasi hiyo mkono mrefu ni mali. Baadaye alikimbia yadi 40, kama mita 36 na nusu, na watu wawili wenye saa za kuhesabia sekunde wakaonyeshana walichopata bila kusema neno. Nilikuwa nimeushika uzio kwa nguvu, Mwalimu. Mwanangu alikuwa anapimwa kama ubao dukani, naye alikuwa anatabasamu.

Sisemi kwamba watu hao hawajui kazi yao. Wachezaji wa nyota tano hufika NFL kwa uwiano mkubwa zaidi kuliko wa nyota mbili. Lakini utepe haupimi kitakachoota kesho. Josh Allen alimaliza sekondari katika mji mdogo wa Firebaugh, California, akiwa mwembamba, na hakuna chuo kikubwa kilichomtaka. Akaingia chuo cha miaka miwili cha Reedley, mwili ukakomaa, akawaandikia makocha wengi barua pepe, mwishowe Chuo Kikuu cha Wyoming kikamchukua. Mwaka 2018 alikuwa mchezaji wa saba kuchaguliwa na NFL, na katika msimu wa 2024 akatajwa mchezaji bora wa ligi nzima. Wewe mwenyewe umewahi kumwacha kijana kwa udogo wake, halafu mwaka uliofuata akarudi kakuzidi kimo. Najua bado unamkumbuka.

Kinachonisumbua zaidi ni ofa. Mwezi Septemba kocha wa chuo kimoja, ambacho sitakitaja, alipiga simu akasema wana nafasi ya Salim katika timu yao, yenye ufadhili kamili wa masomo. Mama yake alipiga vigelegele mpaka jirani akatoka nje. Majuma matatu baadaye simu zikakatika, na tulipouliza tukaambiwa nafasi imejaa. Kujiondoa hivyo si kuvunja kanuni, kwa sababu ofa ya mdomo haimfungi mtu. Kinachofunga ni karatasi iliyosainiwa, na muda wa kusaini huanza Desemba ya mwaka wa mwisho wa sekondari. Salim bado ana mwaka mzima. Tena nafasi zenyewe zinabana: sasa timu nyingi kubwa za vyuo zina ukomo wa wachezaji 105, na kwa kuwa mwanafunzi anaweza kuhama chuo na kucheza mara moja, makocha wengi wanaona heri wamsajili mtu mzima wa miaka 22 aliyekwisha kucheza kuliko kumlea mtoto wa miaka 17.

Hapo ndipo ninapokuomba msaada. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kinamtaka mchezaji wa vyuo vya daraja la kwanza awe amesoma masomo 16 ya msingi ya sekondari kwa wastani wa angalau 2.3 kati ya 4, na kumi kati ya hayo, saba yakiwa ya Kiingereza, hisabati au sayansi, yawe yamekamilika kabla ya kuanza mwaka wa mwisho. Alama za hayo kumi zikishafungwa, kurudia somo hakumsaidii tena kuinua wastani wake. Salim yuko darasa la 11, mwaka mmoja kabla ya ule wa mwisho, na Kemia inamshinda. Tangu nyota zile zitokee, kila jioni hutazama video za michezo yake mezani pale pale ambapo kitabu kimefunikwa, na mimi nikimwambia anasikia sauti ya baba tu.

Wewe anakuheshimu, na hajasahau ulivyomfundisha milinganyo kwenye kibaraza chenu alipokuja likizo mwaka juzi. Tafadhali mpigie Jumapili, saa tatu usiku ya kwenu, ambapo kwetu huwa saa sita mchana na anakuwa nyumbani. Usianze na mpira. Muulize mole ya kwenye Kemia ni nini, umwache ajieleze mpaka mwisho.

Nisalimie Bi. Mwanaidi na wajukuu.

Wasalaam,
Rafiki yako,
Baba Salim