Tulisimama kaunta kwa karibu saa mbili, mkaandika hatukutokea

Tanga,
30 Agosti 2021

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Shirika la Ndege (jina nimelihifadhi katika nakala hii ya wazi),
Ofisi ya Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUZUIWA KUSAFIRI TAREHE 17 JULAI 2021 KWA HESABU YA SAA 72 ISIYOKUWAMO KATIKA MASHARTI YA SAFARI YETU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi na mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 71, tulikuwa abiria wenu kutoka Dar es Salaam kwenda Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, kwa ndege iliyopangwa kuondoka Jumamosi tarehe 17 Julai 2021 saa 11:05 jioni. Hatukuondoka siku hiyo. Ofisa wenu alitunyima pasi za kupandia ndege kwa maelezo kwamba vyeti vyetu vya kipimo cha UVIKO-19 vilikuwa vimepitwa na muda, na baadaye katika kumbukumbu zenu tukaandikwa kuwa abiria ambao hawakutokea. Yote mawili si kweli. Niliwasilisha malalamiko haya kwa fomu ya tovuti yenu tarehe 24 Julai, na jibu nililopata tarehe 9 Agosti halikugusa hata hoja moja kati ya nilizoeleza. Ndiyo maana nalazimika kuyaandika upya, kwa urefu, kwa barua yenye saini na vielelezo.

Nianze na jinsi tulivyojiandaa, kwa sababu jibu lenu linatuchukulia kama abiria wazembe. Sisi ni wakazi wa Tanga. Tulipanda basi Jumanne tarehe 13 Julai ili mama apate usiku mmoja wa kupumzika, na Jumatano asubuhi tukawa kwenye foleni ya kupima jijini Dar es Salaam, tukiwa tumeshajaza taarifa zetu mtandaoni na kulipia dola 100 kila mmoja kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Sampuli zetu zilichukuliwa saa 3:20 asubuhi. Muda huo umechapwa kwenye vyeti vyote viwili, pembeni ya msimbo wa QR. Jumatano tuliichagua kwa makusudi. Tuliambiwa majibu yanaweza kuchukua hadi saa 48, na sikutaka kufika uwanjani Jumamosi na mzee wa miaka 71 huku bado nasubiri ujumbe wa majibu kwenye simu. Majibu yalitoka Ijumaa mchana, yakionyesha hatuna maambukizi. Tulikuwa pia tumechapisha na kutia saini tamko ambalo serikali ya Marekani ililitaka kwa kila abiria aliyeingia kwa ndege.

Sasa sharti lenyewe. Wakati wa safari yetu, kwa amri ya CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, iliyoanza tarehe 26 Januari 2021, kila abiria mwenye umri wa miaka miwili na kuendelea aliyekwenda nchini humo kwa ndege alitakiwa kuonyesha majibu ya kipimo kilichochukuliwa ndani ya siku 3 kabla ya ndege kuondoka, au uthibitisho kwamba aliugua UVIKO-19 na kupona ndani ya siku 90 zilizopita. Amri ilitaja siku, haikutaja saa. Neno hilo halikuwekwa kwa bahati mbaya: CDC yenyewe imefafanua kwamba imehesabu kwa siku badala ya saa 72 ili uhalali wa kipimo usitegemee saa ya ndege wala saa ambayo mtu alipimwa, na ikatoa mfano wa abiria anayeruka Ijumaa saa 7 mchana, kwamba anaweza kutumia kipimo cha wakati wowote wa Jumanne iliyotangulia. Kwa kanuni hiyo hiyo, aliyeruka Jumamosi alianzia Jumatano, iwe alfajiri au usiku. Na pale ambapo safari yote ilikuwa katika tiketi moja na hakuna kituo cha kuunganisha ndege chenye kusubiri zaidi ya saa 24, siku zilihesabiwa kutoka ndege ya kwanza. Yetu ilikuwa tiketi moja, na katika kituo chetu tulipaswa kusubiri kwa muda wa saa sita tu. Barua pepe mliyotutumia ninyi wenyewe tarehe 9 Julai inasema hivyo hivyo, kwamba kipimo kiwe cha ndani ya siku 3 kabla ya kuondoka, na inaongeza kuwa abiria anayepita tu katika kituo chenu atafuata masharti ya nchi anakoishia. Nimeiambatisha.

Tulifika Jengo la Tatu la Abiria, Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, saa 7:30 mchana, na zamu yetu ikafika saa 8:10. Ofisa alipokea pasipoti zenye viza, matamko na vyeti, akavisoma kwa utulivu, kisha akageukia karatasi iliyobandikwa kwa selotepu upande wa ndani wa kioo cha kaunta. Niliiona vizuri kwa sababu nilikuwa nimesimama umbali wa mkono mmoja. Lilikuwa jedwali la nchi lililochapwa, lakini safu ya muda wa kipimo ilikuwa imepigwa mstari kwa kalamu ya bluu kutoka juu hadi chini, na juu yake mtu ameandika kwa mkono: 72, zote. Ofisa akahesabu kwa vidole, Jumatano saa tatu, Alhamisi saa tatu, Ijumaa saa tatu, Jumamosi saa tatu, akasema vyeti vimekwisha tangu asubuhi. Kama ni saa, hesabu yake ilikuwa sahihi, maana tangu sampuli kuchukuliwa hadi ndege kuondoka ni saa 79 na dakika 45. Kosa ni kwamba hesabu hiyo haikuihusu safari yetu.

Nilimwonyesha barua pepe yenu kwenye simu. Nikamwomba afungue Timatic, mfumo ambao mashirika ya ndege hutumia kuangalia masharti ya kuingia kila nchi, asome mwenyewe yaliyoandikwa chini ya Marekani. Alijibu, kwa adabu, kwamba maelekezo waliyopewa kituoni ni ya ile karatasi. Nikaomba msimamizi. Tukasogezwa pembeni karibu na mizani, na kwa kuwa viti vya hapo vilikuwa vimezungushiwa utepe ili watu wasikaribiane, mama akakaa juu ya sanduku lake. Alikaa hapo karibu saa moja na nusu, barakoa usoni, mkoba mapajani, akiniuliza kila baada ya muda kama tumekosea wapi. Msimamizi alifika saa 10:05, wakati kaunta imeshafungwa. Vyeti hakuvitazama. Alisema muda umepita, tukapime upya tuone ndege ya siku nyingine.

Naomba nieleweke kwamba sipingi masharti ya kujikinga na korona. Tumezika ndugu katika kipindi hiki, na sitaki shirika lolote lipakie mgonjwa ndani ya ndege yenye watu mia mbili au zaidi. Natambua pia kwamba amri ile ya Marekani ililiwajibisha shirika la ndege kukagua cheti na tamko la kila abiria kabla hajapanda, na kwamba ofisa wa kaunta anafanya kazi kwa hofu ya kukosea. Masharti ya Julai 2021 yalikuwa mengi na yalitofautiana: aliyeingia Kenya alitakiwa kuwa na kipimo kisichozidi saa 96, aliyeingia Tanzania saa 72, aliyekwenda Marekani siku 3. Lakini tofauti hizo ndizo zinazomlazimu mwenye ndege kuwa na jedwali lililo sahihi. Aliyepiga mstari safu nzima na kuandika namba moja aliwarahisishia kazi wenye kaunta, na gharama ya urahisi huo akaachiwa abiria.

Siku tuliyosafiri hatimaye, Jumanne tarehe 20 Julai, niliona jambo ambalo nataka mlichunguze. Ofisa alikuwa mwingine, na kioo kilikuwa hakina karatasi. Mbele yetu alikuwapo kijana anayekwenda Houston ambaye sampuli yake ilichukuliwa Jumamosi asubuhi. Najua kwa sababu alikuwa na wasiwasi na akaniuliza foleni nzima kama atapita. Ofisa alitazama kompyuta, akasema kwa sauti ya kawaida, “Jumamosi, siku tatu, uko sawa,” akampa pasi. Kwa saa, cheti cha kijana yule kilikuwa kimepita 72 kama chetu. Nafurahi kwamba alipita. Ila kaunta ni ile ile, ndege ni ile ile, nchi ni ile ile, na sisi siku tatu nyuma tuliambiwa turudi tulikotoka.

Jibu lenu la tarehe 9 Agosti lina aya mbili. Ya kwanza inasema abiria ana wajibu wa kuhakikisha ana nyaraka zote zinazotakiwa. Nakubaliana nayo, na ndiyo hoja yangu: nyaraka zote tulikuwa nazo, na hakuna mahali katika jibu hilo ambapo mmesema ni ipi iliyokosekana. Aya ya pili inasema kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu zenu hatukutokea, na hivyo adhabu ya kubadilisha tiketi ilitozwa kwa halali, ila kwa moyo wa kujali wateja mnatupa vocha ya dola 150 ya kutumika ndani ya miezi 12. Vocha hiyo siipokei. Mama yangu alikalia sanduku mbele ya mizani yenu, mizigo yetu ilipimwa kilo 22 na kilo 19, msimamizi wenu alizungumza nasi, na kamera za uwanja zipo. Mtu wa namna hiyo hawezi kuandikwa kwamba hakutokea. Maneno hayo ndiyo yaliyogeuza kosa la kaunta kuwa deni letu, kwa kuwa ni kwa maneno hayo tulitozwa dola 250 kila mmoja kama adhabu na dola 385 kila mmoja kama tofauti ya nauli. Ukijumlisha na vipimo vipya vya dola 100 kila mmoja tulivyofanya Jumapili, inakuwa dola 1,470. Nyumba ya kulala wageni kwa usiku tatu ilitugharimu shilingi 210,000, na teksi za kwenda kupima na uwanjani shilingi 95,000. Risiti zote zimo.

Kuna hasara isiyo na risiti. Mdogo wangu alipangiwa kujifungua kwa upasuaji Jumatatu tarehe 19 Julai, na tulikata tiketi za tarehe 17 kwa sababu hiyo tu. Hospitali ilikuwa ikiruhusu msindikizaji mmoja, na mpango ulikuwa mama aingie naye, shemeji abaki na mtoto wao wa miaka minne. Kwa kuwa hatukuwapo, shemeji alibaki na mtoto, na mdogo wangu aliingia chumba cha upasuaji peke yake. Alitupigia simu ya video saa chache kabla. Mama alikuwa kwenye kitanda cha nyumba ya wageni Ubungo, akimwombea huku akijitahidi asilie. Namshukuru Mungu mdogo wangu na mtoto walitoka salama. Siombi fedha kwa ajili ya jambo hili. Naliandika ili anayesoma barua hii ofisini kwenu ajue ile namba ya kalamu ya bluu ilimgusa nani.

Madai yangu ni haya. Mfute katika kumbukumbu zenu maelezo kwamba hatukutokea, na muandike kilichotokea, yaani kwamba tulizuiwa kaunta. Mturudishie kwa fedha taslimu, kupitia njia ile ile tuliyolipia, dola 1,470 na shilingi 305,000. Mnieleze kwa maandishi ni nani aliyeidhinisha karatasi ile na ni abiria wangapi wa Marekani waliorudishwa kwa sababu yake, kwa maana sidhani tulikuwa peke yetu, na wengine huenda walikubali kwamba wamekosea kwa kuwa hawakujua waulize nini. Aidha naomba masharti mnayowatumia abiria wanaoanzia safari Tanzania yaandikwe pia kwa Kiswahili, yakitaja wazi kama muda unahesabiwa kwa siku au kwa saa, kuanzia sampuli ilipochukuliwa au majibu yalipotoka, na hadi ndege ipi. Mama yangu anasoma Kiswahili vizuri sana. Angeliweza kujitetea mwenyewe.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 21 tangu kupokea barua hii. Yasipopatikana, nitaliwasilisha shauri hili kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania na kwa Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, ambayo hupokea malalamiko ya safari zinazoingia nchini humo, na nitatumia haki niliyonayo chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Marekani zote ni wanachama na ambao unampa abiria miaka miwili ya kufungua madai.

Wako mwaminifu,

Abiria, kwa niaba yangu na ya mama yangu
(jina na namba ya tiketi vimo katika nakala iliyosainiwa)

Viambatisho: vyeti vya kipimo vya tarehe 14 na 18 Julai, matamko ya abiria, barua pepe yenu ya tarehe 9 Julai, jibu lenu la tarehe 9 Agosti, na risiti.

Nakala: Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, Dar es Salaam.