Barua ya wazi kwa Ofisa Mipango Miji: tuwekee bikoni za maji ya Mei, Ujiji

Ndugu Ofisa Mipango Miji,

Salaam. Tunakuandikia kwa heshima, ila uvumilivu umetuishia. Masika haya maji yameingia tena majumbani Ujiji, Kigoma, upande wa Ziwa Tanganyika, na jibu ni lile lile: tusubiri mchoro mpya wa mipango miji. Mchoro huo tuliahidiwa zamani. Tunachoomba sasa ni bikoni, yaani alama za mpaka zinazopigwa ardhini, zioneshe maji ya ziwa yanapofika mwezi Mei.

Ardhi hii ilikuwa ziwa. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, maji yalikuwa jirani na mwembe walipokutania. Leo mnara wa kumbukumbu uko mbali na ufuko. Mto pekee unaotoa maji Ziwa Tanganyika ni Lukuga, upande wa Kongo. Ulikuwa umezibwa na tope na mimea. Ulipozibuka mwishoni mwa miaka ya 1870, ziwa lilishuka kama mita 10 kabla karne haijaisha. Mchanga ulioachwa wazi ndio mnaoukata viwanja. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 biashara ilihamia huko, na tunadhani ndiyo maana Ujiji haikupangwa kwa makini tena.

Ziwa hujaa kabisa Aprili na Mei, kisha hushuka mpaka Oktoba, Novemba. Mpimaji akija Septemba anakuta mchanga mkavu, anapiga bikoni, anaondoka. Mwenye kiwanja anachimba choo futi 10. Ikifika Aprili maji yanapanda kutokea chini, kuta za mchanga zinamomonyoka, shimo linafurika, uchafu unatapakaa uani na kuingia kisimani kwa jirani. Watoto wanachota humo humo! Mtaro mliotuchimbia haufui dafu, maana mdomo wake uko usawa wa ziwa. Maji yanarudi nyuma kupitia humo.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ufukweni zisijengwe. Mzipime kuanzia maji ya Mei, tafadhali, maana ufuko wa Septemba uko chini mno. Na kabla ya kutoa kibali, chimbeni shimo la majaribio futi 6 mwezi huo huo. Maji yakionekana kesho yake, msiruhusu choo cha shimo hapo: kiinuliwe juu ya ardhi, kiwe na tangi la zege lisilovuja.

Bikoni, Ndugu Ofisa. Bikoni za maji ya Mei, zipigwe Mei hii wakati alama ya maji bado iko ukutani. Hata mchoro ukichelewa, hizo tupeni.

Wakazi wa Ujiji, upande wa ziwani