Si kila presha ni ya chumvi

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu nikiwa bado nashika chaki na sijawahi kukuandikia, lakini habari yenu ya juzi kuhusu presha imenishinda kunyamazia. Ukurasa mzima ni chumvi, mafuta, pombe na mawazo. Homoni hazikutajwa hata mara moja.

Mke wangu alihangaika na presha miaka 9. Dawa tatu, mojawapo ya kukojoza, na bado kila kliniki mashine ilisoma 180 kwa 110. "Mama, unameza kweli? Chumvi umeacha?" Aliulizwa hivyo kila mwezi, mbele ya foleni nzima, hadi akawa anaona aibu kwenda. Mimi ndiye niliyemhesabia vidonge kila asubuhi kabla ya chai! Mkebe wa chumvi niliufungia kwenye kabati la vitabu, tukala viazi na maharage yasiyo na ladha mwaka mzima. Usiku, katika baridi ya Juni hapa Uyole, misuli ya miguu ilimkaza hadi akalia, nami nikakaa kitandani kumkanda kwa mikono miwili mpaka ilegee. Mchana ndoo ya lita 10 ilimshinda kuinua. Tukaambiwa ni uzee. Alikuwa na miaka 51.

Ndipo daktari mmoja kijana akalisoma daftari lake kuanzia ukurasa wa kwanza. Akapima potasiamu, madini ya damu yanayoiwezesha misuli kufanya kazi, ikawa 2.7, wakati haitakiwi kushuka chini ya 3.5. Alijua dawa ya kukojoza nayo huishusha, ila hakuishia hapo: damu ikapelekwa Dar es Salaam kupimwa homoni ya aldosteroni pamoja na renini, kemikali ya figo inayoiongoza. Kumbe tezi zilizo juu ya figo zilikuwa zinamwaga aldosteroni kupita kiasi, na homoni hiyo huifanya figo ing'ang'anie chumvi na maji huku ikiitupa potasiamu. Akaanzishiwa spironolakitoni, dawa ya zamani inayoizuia homoni hiyo. Baada ya miezi miwili: 132 kwa 84.

Ugonjwa huu si mgeni. Daktari Jerome Conn wa Marekani aliueleza mwaka 1955. Mwaka 2025 chama cha wataalamu wa homoni cha huko, Endocrine Society, kilipendekeza kila mwenye presha apimwe homoni hiyo, kwa sababu wagonjwa wengi potasiamu yao iko sawa na hawakazwi misuli. Wengine uvimbe uko kwenye tezi moja tu, ikitolewa baadhi yao wanapona kabisa. Hayo msomaji wako hakuyapata.

Na hizi siku za kupima bure sokoni Mwanjelwa! Mtu amepanda mlima na mzigo, hajapumzika hata dakika tano, mkanda unafungwa juu ya sweta, kisha anaandikiwa namba ya kumtisha au ya kumdanganya.

Naomba hivi: kila kliniki iwe na kalamu nyekundu. Mgonjwa anayemeza dawa tatu na bado yuko juu ya 140 kwa 90, jalada la daftari lake liandikwe PIMA ALDOSTERONI, na sampuli za nyanda zetu zisafirishwe pamoja kila wiki ili asidaiwe nauli mtu mmoja mmoja. Nanyi rudini kwenye ukurasa ule ule mkaandike kilichobaki.

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya