Kabla hujasaini mkataba

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Habari kwamba umeitwa kuongoza kitengo cha ubunifu kwenye taasisi ya umma imenifurahisha sana, maana watu wa aina yako huku ndani ni wachache. Lakini nilipofika pale unapoeleza mpango wako nikasita: uchukue vijana wachache mahiri, uwaweke kwenye ofisi yao mbali na makao makuu, mjenge mfumo mpya, na siku ukiwa tayari wananchi wahamie huko wenyewe, taasisi ibaki na masijala yake na mihuri yake mpaka ijifie. Wito nataka uupokee. Mpango huo nakusihi uuache.

Katika biashara ulikozoea, ukikuta soko limekaliwa na mkongwe mzembe unaanzisha chako, na wateja wanahama. Taasisi ya umma haikimbiwi hivyo. Sheria imeipa yenyewe peke yake mamlaka ya kusajili, kutoa leseni, kuthibitisha umiliki. Kwa hiyo programu yako itampokea mwananchi kwa sekunde chache, kisha ombi lake litaenda kulala kwenye meza ileile likisubiri sahihi ya mtu yuleyule. Tena safari hii mwananchi hatakuwa na dirisha la kwenda kuuliza. Nimeona mifumo ya namna hiyo ikizinduliwa kwa shangwe, na nyuma yake makarani wakiendelea kuchapa maombi ya mtandaoni ili wayatie kwenye faili.

Nikupe mfano wa zamani ambao naurudia kila ninapofikiria mambo haya. Uingereza, mwaka 1837, Rowland Hill, mtu aliyewahi kuwa mwalimu na hakuwa na cheo chochote posta, alichapisha kijitabu cha kutaka posta ibadilishwe. Wakati ule gharama ya barua ilitegemea umbali na idadi ya karatasi, na kwa kawaida aliyelipa ni mpokeaji. Watu walikuwa wakizikataa barua mlangoni kwa kukosa fedha. Kila barua ilibidi ikaguliwe, ikadiriwe bei, iandikwe kwenye hesabu, halafu mtu apelekwe kuidai fedha yake nyumba kwa nyumba. Hill alikaa na takwimu za posta yenyewe akakuta kwamba kuisafirisha barua kutoka London hadi Edinburgh kuligharimu sehemu moja tu ya 36 ya peni. Fedha nyingi ziliishia kwenye kukadiria, kuandika na kudai. Ndipo akapendekeza bei moja nchi nzima, peni moja, ilipwe kabla na mtumaji.

Angalia alichokigusa. Hakuomba farasi wenye kasi zaidi wala hakuanzisha kampuni ya kushindana na posta. Aliitafuta kanuni moja iliyozaa kazi zote zile zisizo na faida kwa mtu, yaani nani analipa na analipa lini, akataka hiyo ibadilike. Wakuu wa posta walimpinga kwa nguvu. Wafanyabiashara ndio waliosimama naye, wakaunda kamati na kumwaga maombi bungeni, na mwaka 1839 bunge likakubali. Bei ya peni ilianza Januari 1840, stempu zikafuata Mei. Barua zilizotumwa zilipanda kutoka takriban milioni 76 mwaka 1839 hadi takriban milioni 169 mwaka 1840.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wasimulizi wengi huiruka. Mapato halisi ya posta yaliporomoka, na zaidi ya miaka 20 ilipita kabla hayajarudi yalikokuwa. Hill mwenyewe alikuwa amepewa mkataba mfupi Wizara ya Fedha, nje ya posta, asimamie mageuzi yake akiwa mgeni. Serikali ilipobadilika, mwaka 1842 akaondolewa, na kazi ikabaki mikononi mwa watu wasioipenda. Alirudi mwaka 1846, na mwaka 1854 ndipo akawa katibu wa posta, mtendaji mkuu hasa, akakaa hapo miaka kumi. Wazo lake lilipita kwa kelele za watu wa nje. Kulifanya liwe desturi ya kila siku kulimhitaji akae ndani.

Utaniambia hayo ni ya karne nyingine. Basi tazama Ukraine. Baada ya mapinduzi ya mwaka 2014, kundi la watu wa kujitolea, wengi wao kutoka sekta binafsi, waliamua kushughulika na zabuni za serikali, ambako rushwa ilikuwa imeota mizizi. Mfumo wao wa zabuni za mtandaoni, Prozorro, ulianza majaribio Februari 2015 kwenye manunuzi madogo, kwa sababu hapo sheria ya wakati ule iliacha nafasi ya kujaribu bila kusubiri sheria mpya. Waliingia kwa mlango ambao tayari ulikuwa wazi, wakakusanya ushahidi, kisha wakaudai ule mkubwa. Sheria mpya ya manunuzi ilipitishwa mwishoni mwa 2015, na kufikia Agosti 2016 mfumo ukawa wa lazima kwa taasisi zote za umma. Mmoja wa waliousukuma, Maxim Nefyodov, alitoka kwenye shughuli za uwekezaji akawa naibu waziri wa uchumi. Hakubaki nje akilaumu.

Hata muundo wenyewe una akili. Kanzidata kuu, yaani hifadhi ya taarifa zote, ni ya serikali, lakini majukwaa ambayo wazabuni huingilia ni ya kampuni binafsi zinazoshindania wateja. Kile ambacho lazima kiwe kimoja na cha wote kimebaki cha umma, na kile kinachofaidika na ushindani kimeachwa kishindaniwe. Mnada ukiisha, nyaraka za wazabuni zinawekwa wazi, na yeyote, hata mshindani aliyeshindwa, anaweza kuzichambua. Ningependa ukae na muundo huu kwa muda kabla hujachora wa kwako.

Kuna neno kwenye barua yako limeniuma kidogo, nalo ni pale unapowaita watumishi wa zamani "mizigo". Usiwaendee na moyo huo. Wapo wavivu na wapo wala rushwa, silikatai. Lakini karani anayekutaka ulete nakala tatu mara nyingi anajilinda na mkaguzi. Anajua kwamba akikuhudumia haraka hakuna atakayemshukuru, na karatasi moja ikipotea jina lake ndilo litakaloandikwa. Mtu yeyote, hata wewe, ukimweka kwenye kiti kinachoadhibu kosa na kisichotambua jitihada, ataishia kusema njoo kesho. Kaa naye dirishani, muulize kila fomu ilianza kwa sababu gani. Utashangaa ni ngapi zilianza kama dawa ya ugonjwa wa kweli. Uajiri wa mitihani ambao leo tunaulalamikia kwa kuchelewa ulikuwa mageuzi makubwa: ripoti ya Northcote na Trevelyan kuhusu utumishi wa umma, ya mwaka 1854, huko huko Uingereza, iliupendekeza ili nafasi serikalini zisigawiwe kwa kujuana. Ukiufuta bila kujua ulikuwa unazuia nini, kujuana kutarudi, tena kwa jina la ubunifu.

Wanaofaidika na ucheleweshaji ni habari nyingine, na hao wajue mapema. Palipo na foleni ndefu pana vishoka, na nyuma ya kishoka kuna mtu wa ndani anayepata mgawo wake. Hao hawatakupinga kwenye kikao. Watakupongeza, kisha faili lako litakosa kifungu cha bajeti, au mtandao utakatika siku ya uzinduzi. Dawa yao haipatikani kwenye semina za maadili. Ondoa ile hatua wanayoiuza. Estonia wamekwenda mpaka kwenye sheria: ni marufuku kuanzisha kanzidata nyingine ya kukusanya data zilezile. Taarifa ikishakuwa serikalini, ofisi nyingine inaichukua kupitia X-Road, mfumo wa kubadilishana data ulioanza 2001. Mwananchi hatumwi kubeba karatasi kati ya ofisi mbili za serikali hiyohiyo, na asiyetumwa hana sababu ya kumlipa mtu wa kumkimbilia.

Jambo moja la biashara itabidi uliache mlangoni. Kampuni yako ilichagua wateja wake, na iliruhusiwa kushindwa. Taasisi ya umma inamhudumia hata asiye na simu na asiyejua kusoma, na malipo ya mjane mwezi huu hayawezi kuwa jaribio. Jaribu kwa udogo, na njia ya zamani ibaki wazi mpaka mpya ithibitike. Wamarekani walizindua HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya kujiandikisha bima ya afya, kwa majimbo 36 kwa mpigo Oktoba 1, 2013, na siku ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha bima walikuwa sita. Mafundi walioitwa kutoka kampuni za teknolojia waliuokoa mfumo ndani ya wiki chache, na jambo hilo likachangia kuzaliwa kwa kitengo cha kudumu cha teknolojia serikalini mwaka uliofuata. Ni vizuri, lakini wewe una nafasi ya kuyaepuka yote hayo tangu mwanzo.

Basi kabla hujasaini, omba mambo haya kwa maandishi. Uripoti kwa mkuu wa taasisi mwenyewe, siyo kwa mkuu wa TEHAMA. Uwe na sauti kwenye zabuni, kwa sababu asiyeshika manunuzi atajengewa mfumo asioutaka na mkandarasi asiyemchagua. Kitengo chako kiwe na kifungu chake kwenye bajeti ya kawaida, maana fedha ya wafadhili ikiisha kinafungwa. Nusu ya timu yako watoke ndani ya taasisi, wewe mwenyewe ukiwachagua. Na muda: wamekupa miaka miwili, dai mitano. Wakikataa mitano, dai angalau nafasi yako iandikwe kwenye muundo wa taasisi, ili ukiondoka ijazwe.

Nijibu ukishaonana nao, uniambie wamekubali lipi na wamekwepa lipi. Na hilo la zabuni wakilikwepa, usisaini kwanza. Nipigie, tuzungumze.

Rafiki yako wa siku zote.