Mwombaji wa uzamivu aulizwe pia kazi aliyoifanya

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaopokea maombi ya shahada ya uzamivu katika vyuo vyetu, hasa wale wanaochuja makaratasi kabla profesa hajaona hata kichwa cha andiko.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara hapa Muheza. Kidato cha nne niliambulia daraja la nne, nikapata kibarua kwenye mradi wa malaria. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa barazani kwa watu tangu magharibi mpaka alfajiri, suruali imekunjwa hadi magotini, tochi mkono huu, mrija wa kunyonyea mbu mkono ule. Mbu akitua mguuni unamvuta kabla hajauma, unampulizia kwenye kikombe cha karatasi kilichoandikwa saa. Asubuhi vikombe vinakwenda maabara, na huko ndiko nilikojifunza kuwatenganisha chini ya hadubini aina mbili za mbu wa malaria: gambiae ana madoadoa miguuni, funestus hana.

Baadaye nilirudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikasoma stashahada ya maabara, nikachukua shahada ya kwanza Chuo Kikuu Huria huku nikiwa kazini, kisha uzamili wa afya ya jamii. Kidato cha tano na sita sikukanyaga, na zoolojia sijaisomea darasani.

Niliomba uzamivu wa elimu ya wadudu. Andiko langu linauliza kwa nini funestus bado anawauma watu ndani ya nyumba zenye vyandarua. Jibu likaja kwa mistari miwili: shahada zangu haziendani na fani ninayoomba, na cheti cha kidato cha sita hakipo. Mhadhiri aliyekuwa tayari kunisimamia alipata habari hiyo kutoka kwangu. Maombi yaliishia kwenye uhakiki wa vyeti, hayakumfikia.

Atakayesema nataka upendeleo aitazame Gombe, hifadhi yetu ya sokwe kule Kigoma. Jane Goodall alifika pale Julai 1960 akiwa amesomea ukatibu, hana shahada yoyote. Alikaa msituni akaandika alichokiona, ikiwamo sokwe kuchomeka bua kwenye kichuguu na kulitoa limejaa mchwa. Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kikampokea moja kwa moja kwenye uzamivu. Haikuwa lelemama: wasomi walimsema kwa kuwapa sokwe majina badala ya namba, na msimamizi wake, Robert Hinde, alimbana kwelikweli mpaka hoja zake zikasimama. Ni kweli, alikuwa na Louis Leakey, mtafiti maarufu wa mabaki ya binadamu wa kale aliyempeleka Gombe, wa kumpigia debe. Sisi wengine hatuna Leakey.

Kisha mwaka 1975 wanafunzi wanne wa kigeni walitekwa Gombe na waasi waliovuka ziwa. Kuanzia hapo, kazi ya kuwafuata sokwe kila siku na kurekodi mienendo yao ilibebwa na Watanzania. Mmoja wao, mwenye miaka ishirini ya kujaza daftari zile, angeomba uzamivu kwetu leo, angeulizwa nini kwanza? Namba ya mtihani wa kidato cha nne.

Sisemi vyeti visikaguliwe. Wote tunakumbuka mwaka 2017, watumishi wa umma zaidi ya 9,000 walipobainika kuwa na vyeti vya kughushi, na simlaumu ofisa anayekagua mara mbili. Akague. Lakini akishajiridhisha kwamba shahada ya uzamili ni halali, faili liende idarani. Waketi wahadhiri watatu wa fani husika, wamwite mwombaji, wamhoji juu ya andiko lake na kazi aliyoifanya. Mimi waniwekee trei ya mbu mezani, nitawatenga mbele yao. Wakiona nimepungukiwa zoolojia ya msingi, wanipe kozi za kuziba pengo mwaka wa kwanza, nikifeli niondoke. Hilo nitalipokea, maana watakuwa wamenipima.

Wala si jambo geni. Tume ya Vyuo Vikuu ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa kwa wanaoomba shahada ya kwanza, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inawarasimishia ujuzi mafundi waliojifunzia gereji. Inakuwaje muuza duka atambuliwe uzoefu wake anapoomba kuanza chuo, halafu aliyekulia kwenye utafiti asitambuliwe anapoomba kufanya utafiti?

Tume iweke kipengele cha usaili huo kwenye miongozo yake ya uzamivu. Na vyuo vitangaze mapema tarehe na ada yake, tulio mikoani tujue kama tukate tiketi ya basi la Dar au tusubiri mwaka mwingine.

Msomaji wenu,
Muheza, Tanga