Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu Bigo bya Mugenyi

Ndugu wanachama,

Mwaka huu, katika kuitunza Bigo, ngome yetu ya kale hapa Uganda, nguvu zetu nyingi zilikwenda mahali pamoja: kivuko cha ng'ombe kwenye handaki la nje, upande wa mto Katonga. Kingo zimemeguka kwa kwato, udongo mwekundu umeporomoka. Pale ambapo zamani nilisimama ndani nisionekane hata kichwa, leo handaki lanifika kiunoni.

Hilo linaniuma kwa sababu Bigo haina ukuta wa mawe. Ngome yenyewe ndiyo hilo handaki, zaidi ya kilomita 10 kwa jumla, mahali pengine kina cha mita 4 hivi, limekatwa hadi ndani ya mwamba na watu wa karne ya 14 hadi ya 16. Likijaa, tumebaki na kilima na nyasi.

Baadhi yenu mlinipigia simu mkitaka wafugaji wafukuzwe. Sikukubali, na bado sikubali. Tangu mwanaakiolojia Shinnie alipochimba hapa mwaka 1957, na mwanaakiolojia mwenzake Posnansky mwaka 1960, watafiti wamehusisha mahandaki haya na ulinzi wa mifugo. Na Mugenyi mwenyewe, katika simulizi za Wachwezi, watawala wa kale wa masimulizi ya huku, alimpenda ng'ombe wake Bihogo hata akaapa kufa naye. Ng'ombe si wageni hapa.

Kwa hiyo tuliketi na wazee wa wafugaji, mara tatu, chini ya mti uleule. Mara ya kwanza tuliachana kwa hasira. Mara ya tatu tulikubaliana njia moja tu ya kushukia majini, nyingine zote zizibwe kwa miiba. Vijana wao ndio waliokata miiba hiyo, nami nawashukuru kwa dhati.

Barua yetu ya kuomba kibali cha kuzoa udongo ulioporomoka haijajibiwa. Nimeifuatilia na nitaendelea. Mpaka tupate kibali, hakuna anayegusa udongo ndani ya handaki, hata kwa nia njema: eneo linalindwa kwa sheria, na vigae vya vyungu vimelala humo.

Hesabu atazisoma mweka hazina.

Kabla ya mvua za Machi tutafyeka vichaka vilivyoota kingoni, maana mizizi nayo inapasua udongo. Vikatwe juu, vising'olewe. Njooni na mapanga. Majembe yaacheni nyumbani.

Mwenyekiti wenu