Mtoto atengeneze gemu, asiishie kulicheza

Kwa Mhariri,

Kila shule zinapofungwa, malalamiko kuhusu vibanda vya gemu huanza upya. Mzazi mmoja atataka vifungwe vyote, mwingine atasema mwache mwanangu, huko anajifunza kompyuta. Mimi hufundisha kompyuta huku Likoni, na huyu wa pili ndiye anayenitia wasiwasi zaidi.

Ingia ndani ya kibanda utazame. Watoto wamebanana kwenye benchi, kandanda iko kwenye skrini, aliyefungwa anamwachia mwenziwe pedi. Yapo wanayoyapata: wepesi wa vidole na macho, pengine na kuzoea kushindwa mbele ya watu. Lakini kompyuta hawajifunzi. Mashine ile haimpi mtoto faili ya kufungua, wala amri ya kuandika, wala kosa la kutafuta. Nawapokea darasani vijana mabingwa wa vibandani ambao hawajui kuhifadhi kazi yao kwenye folda. Kula samaki kila siku hakumfanyi mtu kuwa mvuvi.

Wanaotetea gemu hupenda kumtaja Demis Hassabis, Mwingereza aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2024 kwa kazi yake ya akili mnemba. Ni kweli alikulia kwenye gemu. Ila fuatilieni alivyokua: pesa alizoshinda kwenye sataranji alinunulia kompyuta, akajifundisha kuandika programu, na alipokuwa na umri wa miaka 17 tayari alikuwa miongoni mwa waliolibuni gemu la Theme Park, lililotoka mwaka 1994. Alikuwa mtengenezaji tangu utotoni, na sehemu hiyo ndiyo inayorukwa hadithi yake inaposimuliwa.

Mwanafunzi wangu mmoja wa Gredi ya Saba alitengeneza gemu la penalti kwa Scratch, programu ya bure ya kuwafundisha watoto kuandika programu, iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007. Akapiga mpira, ukaingia, na ubao ukaandika mabao zaidi ya 40, tena yanazidi kupanda. Darasa zima likaangua kicheko. Sikumwonyesha kosa liko wapi. Alizisoma amri zake moja moja kuanzia juu, hadi akang'amua kwamba kompyuta ilikuwa inauliza kama mpira umegusa wavu mara 30 kila sekunde, na kila jibu likiwa ndiyo inaongeza bao. Akaweka amri moja tu: ukigusa wavu, hesabu bao kisha urudi kwenye nukta ya penalti. Bao likawa moja. Waandishi wa programu hulipwa mishahara kwa kazi hiyohiyo, na yeye aliifanya kwa sababu gemu lilikuwa lake na alitaka liende sawa.

Si lazima kila gemu liundwe kuanzia mwanzo. Hapa kwetu Kenya, UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, iliwahi kuwashirikisha wakazi wa mtaa wa Kibera, Nairobi, kupanga uwanja wa michezo kwa kutumia Minecraft, kwa kuwa gemu hilo humruhusu mtu kujenga anachokiwaza na mwenziwe akakiona. Namsihi mzazi aulize hivi: gemu hili linamwachia mwanangu nafasi ya kubadilisha chochote? Kama halimwachii, basi ni burudani. Burudani si dhambi, lakini ipangiwe muda kama burudani.

Sasa kwa walimu wakuu. Tangu mwaka 2016 serikali imepeleka vishikwambi zaidi ya milioni moja katika shule za msingi. Vilivyofungiwa kabatini vitolewe, na vyumba vya kompyuta vifunguliwe wakati wa likizo, hata kama ni asubuhi mbili tu kwa wiki. Scratch ina Kiswahili, na ukishaiweka haihitaji intaneti. Kisingizio cha gharama hapo hakina uzito.

Na kwenu wenye vibanda, sitaki mfungiwe riziki. Yeyote wa Likoni atakayeweka kompyuta moja, hata iwe kuukuu, kando ya televisheni zake, mimi nitakuja Jumamosi asubuhi kuwafundisha watoto bila malipo.

Mwalimu wa kompyuta,
Likoni, Mombasa